Kuhifadhi pikipiki msimu wa mvua (Kisii na Nyamira)

Kuhifadhi pikipiki ni kuiandaa ikae wiki kadhaa bila kutumika. Ulaya hufanywa kabla ya theluji. Kisii na Nyamira, nyanda za juu zinazopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, adui ni unyevu na tope, hasa Machi hadi Mei.

Pikipiki za bodaboda hazilali hata mvua inyeshe vipi. Zinazolazwa ni za mwenye safari au mgonjwa.

Tope kwanza. Udongo mwekundu wa njia za mashamba ya chai hung'ang'ania chini ya madigadi na kushika maji, kisha kutu hula cheni. Pikipiki huoshwa, hukaushwa, cheni hupakwa oili. Tangi hujazwa pomoni, maana nafasi tupu hukusanya umande. Kabureta, kinyume chake, humwagwa: petroli iliyozeeka huacha utando unaoziba jeti. Waya wa hasi wa betri hufunguliwa.

Turubai lisilopitisha hewa hufungia unyevu. Bora kufunika pikipiki kwa shuka kuukuu. Wapo wanaoiingiza ndani kwa kuhofia wezi, na hapo haifai kabisa kukaa karibu na jiko, maana tangi limejaa petroli.