Karatasi Iliyoning'inia Shingoni

Kazi yangu ni kuwachapia watu wasifu wa kazi, hapa hapa katikati ya Nairobi. Nilianza zamani za mashine za taipu na karatasi za kaboni, na siku hizi vijana huniletea habari zao kwenye simu nizipange. Kitu kimoja hakijabadilika. Kabla ya kunitajia wanachojua kufanya, wanataka juu kabisa niweke namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, kaunti ya nyumbani, na kama wameoa au kuolewa. Ukiwauliza nani aliwafunza hivyo, watakwambia ndivyo CV inavyoandikwa. Mimi naamini mpangilio huu tuliurithi, na urithi wenyewe si wa kujivunia.

Chanzo chake ni sheria ya kikoloni ya kuwasajili Waafrika, iliyopitishwa mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, utekelezaji ukaanza kushika kasi mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kuanza kazi alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila, wilaya na alama za vidole. Chini yake palikuwa na nafasi za mwajiri kujaza alimwandika lini, kwa mshahara gani, na alimwachisha lini. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikasha cha chuma, kikasha kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele anayovishwa mbuzi.

Tukisema kweli, huo nao ulikuwa wasifu wa kazi. Kasoro yake ni kwamba aliyeuvaa hakuwa na ruhusa ya kuandika hata neno moja ndani yake, na wengi hawakuweza hata kuusoma.

Walowezi walihitaji mikono ya kuchuma kahawa na kukata katani, na hawakutaka kuipata kwa kupandisha ujira. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wahimize vijana waende mashambani kwa wazungu. Kuhimiza huko kila mtu alijua maana yake. Kipande ndicho kilichowazuia wasiondoke wakishafika. Mtu akitoroka kabla ya tajiri wake kutia sahihi ya kumwachisha, alikuwa amevunja sheria, si mkataba tu, na alama za vidole vyake zilikuwa zimehifadhiwa Nairobi zikimngoja. Tajiri mwingine naye, akiona nafasi ya sahihi iko wazi, hakupaswa kumchukua.

Lakini safu iliyowakaba zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ile ya mshahara. Babu yangu, mzaa mama, alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, na alikuwa akitusimulia jinsi karani wa shamba alivyoanza kwa kukifungua kikasha kabla hata ya kuitikia salamu. Kama tajiri wa kwanza alikulipa shilingi nane, wa pili ana haja gani ya kukupa kumi? Bei yako ilikutangulia. Babu hakuwa na jinsi ya kueleza kwamba siku hizo alikuwa mgeni wa kazi na sasa ameimudu. Karatasi haikuwa na nafasi ya maneno kama hayo.

Harry Thuku, aliyesimama hadharani kukipinga kipande, alijua mambo ya maandishi kuliko wengi: alipata kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, kisha akawa mpokea simu wa Hazina ya serikali. Mwaka 1921 waajiri walipotaka kupunguza ujira kwa theluthi moja, chama chake kiliunganisha mambo matatu, yaani ujira, kodi na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilikiri vifo 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, na vikasha vikabaki shingoni kwa miaka mingine ishirini na zaidi.

Kipande kilipofutwa baada ya Vita vya Pili, sheria mpya ya 1947 ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe. Hapo ndipo wazungu wengi walipogundua kwamba kuchovya vidole kwenye wino ni udhalilishaji. Mabishano yao yalikuwa makali kweli kweli.

Miaka niliyoanza kuchapa, mtafuta kazi alikuja na bahasha ya kaki: cheti cha shule chenye maoni ya mwalimu mkuu, barua ya chifu, barua ya tajiri wa zamani. Bado sifa za mtu zilitoka kwa mtu mwingine.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama kazi haikufikisha majuma manne mfululizo. Kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali, na siku ya kumaliza. Hizo karibu zote ni safu za kipande, ila mshahara haumo kwenye orodha. Mwajiri pia halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia yako.

Hata hivyo fomu nyingi za waajiri huuliza ulikuwa ukilipwa kiasi gani, na wengine hudai karatasi ya malipo ya mwezi uliopita. Mteja akiniletea fomu ya namna hiyo, namshauri aandike kiasi anachotaka na aache kile alichopewa. Baadhi hukubali. Wengi huogopa kukosa usaili, wakaniambia, mama, wewe chapa tu.