Vyama vya Siasa na Imani ya Watu, tangu mwaka 1958

Katika kartye ya Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kwenye njia ya kwenda Sake, kuna desturi inayojulikana na watu wote. Uchaguzi ukikaribia, vyama vinapita vikigawa vikwembe, kofia na tishati zenye sura ya mkubwa wao. Watu wa Ndosho hawakatai. Mama anavaa kikwembe cha chama hiki siku ya kwanza, siku ya tatu anabeba mtoto katika kikwembe cha chama kingine, na kampeni ikiisha vyote viwili vinakuwa nguo za shamba. Ukimwuliza atamchagua nani, anacheka. Padri kijana anaweza kudhani ya kwamba huyo ni mtu wa ndimi mbili. Sisi hatuoni hivyo. Mama yule anaijua historia ya vyama vya Kongo kuliko wengi wetu, maana ameisoma kwa macho yake. Basi tunataka kuieleza hapa, kwa sababu Wakristu wanatuuliza kila mara: Tumsadiki nani?

Vyama vyetu vilizaliwa kwa haraka. Ni kweli, Abako ilianza mwaka 1950, lakini ilianza kama chama cha kutunza lugha na desturi za Bakongo. Vingine vingi vilikuja siku za mwisho za Wabelgiji. Mjini Bukavu, mwezi wa nane 1958, kilianzishwa CEREA, na Anicet Kashamura akawa mmoja wa wakubwa wake. Mwezi wa kumi mwaka ule, kule Léopoldville, Patrice Lumumba na wenzake wakaanzisha MNC. Toka siku ile mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, ni kama miezi ishirini tu. Wandugu waseminari, miezi ishirini haitoshi hata kumaliza filozofia!

MNC ilijiita chama cha taifa zima. Mwezi wa saba 1959 ilikwisha kupasuka: hawa wa Lumumba, wale wa Albert Kalonji. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, upande wa Lumumba ulipata viti 33 katika viti 137 vya Baraza la wawakilishi. CEREA ilipata 10. Chama kingine, PNP, kilionekana kuwa rafiki wa wakubwa wa Leta, na wasemaji wa Lingala wakageuza herufi zake kuwa pene pene na mundele, maana yake karibu karibu na Mzungu. Kicheko cha mama wa Ndosho si kitu kipya.

Kisha tarehe 8 mwezi wa nane 1960, Kalonji, mkubwa wa upande mmoja wa chama cha taifa zima, akatangaza ya kuwa Kasai ya Kusini imejitenga na taifa. Tuwe wa haki: Baluba walikuwa wamefukuzwa na kuuawa kule Luluabourg, na hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini jina la chama halikubadilika. Na Moïse Tshombe, aliyetenga Katanga toka 1960 mpaka 1963, mwaka 1964 aliitwa kuwa waziri mkuu wa Kongo yote. Kwetu Kivu mambo hayakuwa mazuri kuliko hayo. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu provinsi mpya, zikafika 21, na Kivu ikakatwa vipande. Goma na Rutshuru zikagombaniwa kama nguo ya marehemu. Waliohubiri Kongo moja mwaka 1960 walikuwa sasa wanahesabu vijiji vya kabila lao, kwa kuwa kila provinsi ilihitaji prezida, ministri na baraza, na kila ministri alihitaji motokari.

Mwaka 1965, muungano wa Tshombe uitwao Conaco ulishinda viti 122 katika 167. Tarehe 13 mwezi wa kumi Kasa-Vubu akamwondoa Tshombe, akamweka Évariste Kimba. Wabunge wakamkataa Kimba. Na tarehe 24 mwezi wa kumi na moja jeshi la Mobutu likawafukuza wote. Mobutu alisema wanasiasa wapumzike miaka mitano. Watu wakafurahi. Na sisi wa Eklezia tunapaswa kuungama: hatukuvililia vyama hata kidogo. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1965, Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati ya Gaudium et Spes, inayofundisha ya kwamba vyama vina kazi yao halali, yaani kutafuta mema ya wote, na ya kwamba havina ruhusa ya kutanguliza faida yao kuliko mema hayo. Neno lile lilifika Kongo nyumba ikiwa imekwisha kufungwa.

Juu ya MPR, iliyoanzishwa tarehe 20 mwezi wa tano 1967, hatuna haja ya kusema mengi. Wazee wetu wote wanakumbuka. Kila mtu alihesabiwa kuwa memba wake toka tumboni mwa mama. Seminari zinakumbuka kwa namna yake mwaka 1972, Leta ilipotaka vijana wa chama, JMPR, waingie mpaka ndani ya seminari. Kardinali Malula alikataa, akapoteza nyumba yake na kwenda Roma miezi kadhaa.

Twende mwaka 1990, maana pale ndipo jeraha lililo kubwa. Tarehe 24 mwezi wa nne Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na muda si mrefu vyama vikapita 200. Vingi vilitoka katika mfuko wa Mobutu mwenyewe, na watu wakaviita vyama vya chakula. Lakini hivyo vya chakula havikumdanganya mtu. Kilichovunja moyo ni wale walioaminiwa. Tutazame mmoja tu, Nguza Karl-i-Bond. Alikuwa ministri wa Mobutu. Mwaka 1977 akahukumiwa kufa, kisha akasamehewa. Mwaka 1980 akawa waziri mkuu. Mwaka 1981 akakimbilia Ulaya, akaenda mpaka Washington kumshitaki Mobutu mbele ya wabunge wa Marekani, na mwaka 1982 akaandika kitabu juu ya ubaya wake. Mwaka 1985 alirudi nyumbani, na mwaka 1986 akatumwa Washington, mji uleule, kuwa balozi wa mtu yuleyule! Mwaka 1991 chama chake, UFERI, kikaungana na UDPS ya Tshisekedi katika Union sacrée, muungano wa kumpinga Mobutu. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na mwezi wa kwanza 1992 ndiye aliyefunga Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukiongozwa na Askofu Monsengwo. Tarehe 16 mwezi wa pili Wakristu wakatembea Kinshasa na rozari mkononi, wakiomba ufunguliwe. Wengi walipigwa risasi. Mkutano ulifunguliwa tena, na damu ile haikuwa ya mkubwa wa chama hata mmoja.

Tumekaa juu ya habari hii kwa sababu jina Union sacrée lilirudi. Mwezi wa kumi na moja 2018, kule Geneva, wakubwa saba wa upinzani walitia sahihi na kumchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Siku iliyofuata Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa sahihi zao, wakisema watu wa vyama vyao wamekasirika. Baada ya uchaguzi, Maaskofu, waliokuwa na watazamaji kama 40.000, walisema matokeo hayalingani na waliyoyaona. Tshisekedi akatawala pamoja na watu wa Kabila, aliowapinga miaka yote, nao wakiwa na zaidi ya wabunge 300 katika 500. Mwisho wa 2020 ndoa ile ilivunjika. Ndipo wabunge wakahama: mwezi wa kwanza 2021, wabunge 367 walimwangusha waziri mkuu Ilunga, aliyetoka upande wa Kabila. Hapakuwa na uchaguzi kati ya jana na leo. Wabunge walikuwa walewale, viti vilevile; wimbo tu ulibadilika. Na aliyetangaza matokeo ya 2018, Corneille Nangaa, mwaka 2023 alianzisha chama chake, kisha Nairobi akatangaza muungano na M23, ambayo mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 iliingia Goma.

Msomaji anaweza kusema ugonjwa huu ni wa Waafrika. Sivyo. Marekani ina vyama viwili vya zamani sana. Mwaka 2016 hakimu mkuu mmoja alifariki, na maseneta wa Republican wakakataa kumsikiliza aliyependekezwa na Obama, wakisema uchaguzi umekaribia, watu waamue kwanza. Mwaka 2020 hakimu mwingine alifariki uchaguzi ukiwa karibu zaidi, nao wakamthibitisha mtu wao siku nane kabla ya kura. Democrats nao, mwaka 2005 walitetea desturi ya kuwazuia mahakimu kwa maneno marefu, na mwaka 2013 wakaivunja wenyewe ilipowachelewesha. Mwaka 1958 Wamarekani kama watatu katika wanne waliisadiki serikali ya Washington. Mwaka 2023 hawakufika wawili katika kumi. Tofauti ni hii: kule hakimu anabaki mahali pake na mtu analala nyumbani mwake.

Kwetu hesabu ni hizi. Mwaka 2006 walipiga kura watu 70 katika 100 walioandikwa. Mwaka 2011 kama 59. Mwaka 2018 chini ya 48. Mwaka 2023 kama 43, na katika Masisi na Rutshuru uchaguzi haukufanyika kwa ajili ya vita. Vyama lakini viliongezeka: 599 mwaka 2018, zaidi ya 900 mwaka 2023. Watu wanapungua, vyama vinazaa.

Sheria ya Eklezia, kanuni 287, inamkataza padri kushiriki kwa bidii katika vyama, isipokuwa mkubwa wake aone kuna lazima. Wengi wetu tunadhani tumeishika sheria ile kwa sababu hatuna kadi ya chama. Lakini mgombea akija kuomba kusalimia watu baada ya Misa, nani anayempa nafasi mbele ya altare? Akituma saruji na mabati ya kanisa wiki tatu kabla ya kura, nani anayemshukuru kwa jina katika matangazo? Mwaka unaofuata amekwisha kuhama chama, nasi hatusemi neno, maana paa limekwisha kupigiliwa. Mama wa Ndosho anayatazama mabati yale kila siku ya Mungu, na anajua nani aliyeyaleta.