Ipyana Kabla ya 1894

Ipyana ni neno la Kinyakyusa, maana yake neema. Wazazi huwapa watoto jina hilo, na Wamoravian wana kituo chenye jina hilo Kyela tangu 1894. Mwaka huo wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wamefungua Rungwe mwaka 1891 waliteremka kutoka kwenye baridi ya milimani hadi kwenye migomba, matope na mbu wa tambarare ya Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, mtu aliyeitwa Mlozi alikuwa bado anafanya biashara ya watumwa. Alinyongwa Desemba 1895.

Kumbukumbu zetu huanzia hapo. Mimi naona tunachelewa kuanza, kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Mwaka 1731 Kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyewapa wakimbizi wa Moravia hifadhi katika ardhi yake pale Herrnhut, alikwenda Copenhagen kwenye sherehe za kutawazwa kwa mfalme wa Denmark. Huko akakutana na Anton, mtumwa mweusi kutoka kisiwa cha St. Thomas, Karibi, aliyemsimulia habari za ndugu zake waliobaki mashambani. Agosti 1732 wakaondoka Herrnhut kwenda St. Thomas watu wawili tu: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Kwa hiyo kazi yote iliyofika hadi Ipyana ilichochewa na maneno ya mtumwa. Tusisahau pia kwamba mwaka 1738 Wamoravian hao hao walinunua shamba St. Thomas, watumwa wakiwemo. Hilo halisemwi kwenye hotuba za jubilei, na lingefaa lisemwe.

Upande wetu wa dunia alikuja mmisionari Georg Schmidt, mwaka 1737, na baadaye akakaa katika bonde la Baviaanskloof, Afrika Kusini, ambalo leo linaitwa Genadendal. Nalo jina hilo maana yake ni bonde la neema, ipyana nyingine. Schmidt akapanda mpea, akawafundisha Wakhoikhoi kusoma, na mwaka 1742 akabatiza watu watano. Wachungaji wa Kidachi wa Rasi ya Tumaini Jema wakaja juu: nani kampa ruhusa ya kubatiza? Mwaka 1744 akaondoka, asirudi tena.

Miongoni mwa wale watano alikuwamo Vehettge Tikkuie, aliyebatizwa kwa jina la Magdalena. Wengi humwita Lena. Karibu nusu karne alikaa bila mchungaji. Wamisionari wengine walipofika mwaka 1792 waliukuta mpea bado umesimama, na Lena ni bibi kizee asiyeona vizuri. Akatoa Agano Jipya la Kidachi alilopewa na Schmidt, limeviringishwa katika ngozi ya kondoo. Mwanamke kijana akalisoma kwa sauti.

Ulaya, miaka hiyo hiyo, kanisa lilipanda na kushuka. Mwaka 1749 Bunge la Uingereza liliwatambua Wamoravian kuwa kanisa la kale la maaskofu; miaka minne baadaye madeni nusura yawafilisi. Zinzendorf alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760.

Nikisoma habari za Lena huwa nafikiria 1916. Majeshi ya Waingereza yalipoingia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Unyakyusa yote, na kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji, baadaye wakisaidiwa na Waskoti wa Livingstonia. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920. Waliokuwa wamelishika kanisa kabla ya hapo majina yao mengi hayakuandikwa.

Desturi moja ya Herrnhut ya 1732 haijatutoka: alfajiri ya Pasaka Wamoravian hukutana makaburini kusubiri jua. Herrnhut mawe ya makaburi hulazwa chini, ya seremala na ya askofu, ukubwa mmoja. Kyela Pasaka huangukia masika, nyasi zimefika magotini na udongo unang'ang'ania viatu. Akina mama hupandisha khanga, na mtu wa mbele hupima njia kwa fimbo.