Neno "Dini" Darasani: Historia ya Istilahi Moja katika Shule za Msingi za Bonde la Ufa

Kusini mwa Ziwa la Naivasha, katika kitongoji cha Kamere, wanakaa watu waliotoka pande nyingi za Kenya kufuata kazi ya mashamba ya maua na uvuvi. Katika shule za msingi za mahali kama hapo huketi pamoja watoto wa Wajaluo, Waluyia, Wakisii, Wakikuyu na Wamaasai, nao husemezana kwa Kiswahili. Mwalimu wa kipindi cha dini anapotaka kuwajua huwauliza: "Wewe ni wa dini gani?" Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si jepesi kama linavyosikika, na kwamba uzito wake unatokana na safari ya neno lenyewe.

Neno "dini" tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika pwani lilifungamana na Uislamu kwa karne nyingi kabla ya wamisheni kulitumia kwa Ukristo. Huku bara liliingia kwa njia nyingine, yaani pamoja na kitabu. Baada ya Africa Inland Mission kuweka makao Kijabe mwaka 1903, kujifunza herufi na kujifunza Injili vilikuwa jambo moja. Ndiyo maana Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza "athomi", maana yake wasomaji, kwa kitenzi ambacho asili yake ni "kusoma" ya Kiswahili. Waganda nao walifanya vivyo hivyo: "okusoma" kwao ni kusoma na ni kusali pia. Basi mtoto aliyekwenda shule alikwenda dini, wala hapakuwa na neno la kuvitenga viwili hivyo.

Mgogoro wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana ulijaribu kuvitenga. Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilizofuata, zikafika hata kwa maskwota wa mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa, hazikuukataa Ukristo. Zilichokataa ni kwamba misheni ndiyo iwe na haki ya kuamua nani asome. Shule hizo zilifungwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na nadhani hasara yake kwa elimu ya dini haijapimwa ipasavyo: kwa mara ya kwanza wazazi wa Kiafrika walikuwa wameanza kujadili wenyewe ni imani ipi ifundishwe watoto wao, na kwa masharti gani.

Wakati huohuo neno letu lilikuwa likipata maana ya tatu. Maofisa wa kikoloni, katika ripoti zao za Kiingereza, walilitumia "dini" kama lilivyo kuyataja makundi waliyoyashuku. Dini ya Msambwa, ya Elijah Masinde, ilipigwa marufuku mwaka 1948, na mwaka 1950 wafuasi wa Lukas Pkech walipambana na askari huko Kolloa, Baringo. Neno lililokuwa la heshima Mombasa likawa, katika mafaili ya serikali, jina la uasi.

Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde (1964-65) ilitaka dini iwe somo kama masomo mengine, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule chini ya serikali, makanisa yakibaki wadhamini. Sheria hiyo ilimruhusu mzazi aombe mtoto wake asihudhurie mafundisho ya dini. Katiba ya 2010 imekwenda mbali zaidi: inasema nchi haina dini rasmi, na inalinda uhuru wa dhamiri pamoja na ule wa dini. Hata hivyo mtaala, tangu ule wa 1985 hadi wa umilisi ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019, umegawa somo hilo katika njia tatu, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Mtoto hufundishwa ndani ya dini, wala si kuhusu dini. Asiye na njia kati ya hizo tatu ana haki ya kutoka darasani, na penye mwalimu wa Kikristo peke yake hata Mwislamu anaweza kujikuta nje pamoja naye. (Birmingham, Uingereza, muhtasari wa mwaka 1975 uliingiza mitazamo isiyo ya kidini, nao ukazua ugomvi mkubwa, si sisi pekee tunaosumbuliwa na jambo hili.)

Lakini tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la lugha. Tanzania husemwa kwamba serikali haina dini, na msikilizaji huona ni sifa: serikali haipendelei. Mseme mtu kwamba "hana dini", naye atadhani umemwita katili au mlaghai. Ukilikimbilia neno "imani" hujaokoka, maana "hana imani" ni kusema hana huruma. "Itikadi" linanuka siasa. "Mtazamo wa ulimwengu" ni tafsiri iliyotoka vitabuni, na sioni mtoto wa miaka minane akilielewa.

Lugha za jirani zinatuzidisha mashaka. Katika Kimaasai, Enkai ni Mungu, tena ni mbingu na mvua. Mbiti alikwisha kusema mwaka 1969 kwamba lugha nyingi za Kiafrika hazina neno mahususi la dini, kwa kuwa dini imeenea katika maisha yote. Okot p'Bitek alimkosoa yeye na wenzake kwa kuzipima imani za Waafrika kwa kipimo cha Kikristo, nami naelekea upande wa Okot: pasipo neno, hatuna haki ya kudhani kwamba kila mtu alikuwa mcha Mungu.

Napendekeza tuanzie kwenye kitenzi. "Kufuata" hakimhukumu mtu kama "kuwa na" kinavyomhukumu, na "asiyefuata dini" hakijawa tusi. Mwalimu akiuliza, "Kwenu mnafuata nini?", mtoto wa Kimaasai anaweza kusimulia maombi ya mvua, wa Kiislamu akaeleza saumu, na wa tatu akasema kwamba nyumbani kwao hawasali. Huyo wa tatu, kitabu cha darasa hakina sura yake.