Mizani ya Mwalimu

Mwaka 1975 Kariakoo ilipata jengo jipya la soko. Shule za Dar es Salaam, kama za Tanzania nzima, nazo zilikuwa mbioni kupata mizani mpya. Mwanafunzi wa sekondari alikuwa akipimwa kwa mtihani wa mwisho, urithi wa Cambridge. Katika *Elimu ya Kujitegemea* (1967), Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mtihani huo hupima kukariri, haupimi tabia wala moyo wa kutumika. Baraza la Mitihani liliundwa mwaka 1973; Azimio la Musoma likafuata mwaka 1974; na tangu mwaka 1976 kazi za kila siku na mwenendo vilihesabiwa pamoja na mtihani.

Mtihani husahihishwa na asiyemjua mtoto. Mwenendo hupimwa na anayemjua. Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari ya upendeleo.

Nasi tunaofundisha kipaimara na theolojia twajua kwamba kukariri Katekisimo si kuishika imani. Basi tukipima mwenendo, tuandike tulichokiona, wala tusiamue peke yetu. Onyo la Mithali 11 juu ya mizani ya udanganyifu halimhusu mfanyabiashara wa Kariakoo tu.