Mwingiliano wa dawa za mitishamba na dawa za moyo

Mwingiliano wa dawa za mitishamba na dawa za moyo ni mabadiliko yanayotokea mwilini mgonjwa anapotumia mitishamba pamoja na vidonge vya moyo au vya shinikizo la damu (presha) alivyoandikiwa hospitalini. Mitishamba inaweza kuzidisha nguvu ya vidonge, kuipunguza au kuleta madhara mapya.

Sababu

Mimea ina kemikali, sawa na dawa za viwandani. Digoksini, dawa ya moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, inatokana na mimea ya jenasi Digitalis. Daktari Mwingereza William Withering alieleza matumizi yake mwaka 1785. Katika Afrika ya Mashariki, msunguti (Acokanthera), unaojulikana kwa sumu ya mishale, una ouabaini inayoathiri moyo kwa njia hiyohiyo. Anayetumia digoksini akinywa dawa ya mti wa namna hiyo ni kama ameongeza dozi bila kujua, na kiasi cha digoksini kinachotibu hakiko mbali na kile kinachodhuru.

Mifano

- Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini au aspirini: hatari ya kutokwa na damu huongezeka.
- Rosela (choya) pamoja na vidonge vya presha: shinikizo linaweza kushuka mno na kuleta kizunguzungu.
- Maji ya balungi pamoja na nifedipini: kiasi cha dawa hiyo katika damu hupanda.

Nchini Tanzania

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, mashariki mwa Hifadhi ya Serengeti, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Kuacha ghafla dawa kama atenololi au propranololi kunaweza kusababisha maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo.

Tahadhari

Wagonjwa wengine huficha mitishamba wakiogopa kukemewa, naye daktari hubadilisha dozi bila kujua chanzo cha tatizo. Inafaa mgonjwa ataje kila anachokunywa, na mtoa huduma aulize bila kulaumu. Kichefuchefu, kuona rangi ya manjano, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au kutokwa na damu ni dalili za kuwahi hospitalini.