Elimu ya Jiografia na Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki

Mwaka wa 1899 Chuo Kikuu cha Oxford kilifungua Skuli ya Jiografia na kumweka Halford Mackinder kuwa mkuu wake. Na katika mwaka huo huo, tarehe 13 Septemba, Mackinder huyo alisimama juu ya kilele cha Batian katika Mlima Kenya, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, wajuzi wa kupanda milima waliotoka Italia, akawa wa kwanza kuandikwa vitabuni kuwa amefika pale. Mambo haya mawili hayakukutana kwa sadfa. Jiografia ilikuwa ingali ikitiliwa shaka na maulamaa wa vyuo vya Uingereza, walioiona kuwa ni orodha ya majina ya mito na miji ifaayo kukaririwa na watoto. Ilhali mabwana wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, ambao mchango wa fedha zao ndio uliompatia Mackinder kazi ya kufundisha Oxford tangu mwaka wa 1887, hawakupenda kumstahi mtu kuwa mwanajiografia mpaka awe msafiri aliyekanyaga mahali pasipopata kukanyagwa na mwenziwe. Basi Mackinder alikuja kwetu kutafuta idhini ya kukubaliwa kwao.

Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamaasai 2 wa kuonyesha njia. Garimoshi liliwafikisha Nairobi, ambako reli ilikuwa imewasili mwaka ule ule. Na tangu hapo kila hema, kila chombo cha kupimia, na kila sanduku la vifaa vya picha lilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Nchi ilikuwa imepatwa na njaa kubwa, chakula kilikuwa adimu, na baadhi ya wapagazi waliuawa katika safari ile wasirudi kwao. Vilele vya mlima vilipewa majina ya viongozi wa dini wa Wamaasai, yaani Batian, Nelion na Lenana. Wapagazi hawakupewa hata jiwe. Jambo hili nalitanguliza kwa kuwa ndio mwanzo wa kweli wa jiografia ya vyuo vikuu katika nchi zetu: elimu hii iliingia ikiwa imebebwa na watu wetu, nao hawakuambiwa kilichokuwamo mzigoni.

Huko Ulaya yenyewe jiografia haikuwa elimu ya zamani vyuoni. Carl Ritter alipewa kiti cha jiografia katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka wa 1820, akafundisha hapo mpaka kufa kwake mwaka wa 1859, mwaka aliofariki pia Alexander von Humboldt. Na baada ya hapo elimu ilipwaya kwa kukosa warithi, hata serikali ya Prussia ilipoazimu mwaka wa 1874 kwamba kila chuo kikuu chake kiwe na profesa wa jiografia. Zingatia tarehe, msomaji wangu. Miaka kumi baadaye, katika mji ule ule wa Berlin, mataifa ya Ulaya yaliketi mezani kwa mashauri ya kugawana Afrika. Sisemi kwamba maprofesa waliitwa kuwatumikia wateka nchi peke yake, maana walikuwamo wachunguzi wa kweli waliopenda elimu kwa ajili ya elimu. Lakini ni dhahiri kwamba dola haikufungua hazina kwa sababu ya mapenzi ya mito na mawingu. Katika Uingereza shahada kamili ya heshima ya jiografia ilichelewa zaidi: Liverpool iliianzisha mwaka wa 1917, Cambridge ikafuata mwaka wa 1919, na Oxford, iliyokuwa na Skuli kwa muda wa miaka thelathini, ikaridhia mwaka wa 1930.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya siku hizo pwani yetu ilikuwa haijui mahali ilipo. Al-Masudi alisafiri katika bahari hii karne ya kumi na kuandika habari za kisiwa cha Qanbalu. Al-Idrisi aliitia nchi ya Zanji katika kitabu na ramani alizomkamilishia Mfalme Roger wa Sicily mwaka wa 1154. Ibn Battuta alishuka Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 akaandika alichokiona. Fauka ya hao walikuwapo manahodha wasioandika kitu, waliojua siku ya kutweka tanga kwa pepo za kaskazi na siku ya kurejea kwa kusi, na waliomfundisha kijana nyota, kina cha maji na rangi ya mwamba kwa kumkalisha chomboni miaka mingi mpaka anaaminiwa kushika usukani. Mafunzo hayo hayakuwa na cheti, lakini yalikuwa na daraja zake, na aliyekosea mtihani alipoteza chombo na roho za watu.

Chuo cha Makerere kilianza mwaka wa 1922 kuwa skuli ya ufundi, na mwaka wa 1949 kikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja waliotaka kusoma jiografia hata kufikia shahada ya kwanza walikutana huko, na Profesa S. J. K. Baker ni katika waliojenga idara hiyo na kuifanya iheshimike. Shahada yao ilikuwa ya London, na kipimo cha ufaulu kilikuwa cha London. Lakini lazima tuwape haki yao walimu wa wakati ule, kwa kuwa waliwatoa wanafunzi nje wakawapeleka mashambani na vijijini kupima, kuuliza na kuchora, na kwa namna hiyo mtoto wa mkulima alianza kuiangalia nchi ya baba yake kwa macho ya mchunguzi. Mwaka wa 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, mapatano ya heri yaliyodumu mpaka 1970, nchi tatu zilipoachana kila moja ikawa na chuo chake.

Katika kizazi hicho yupo mtu ambaye jina lake lingalipasa kujulikana na kila mwanafunzi wa somo hili, naye ni Profesa Simeon Ominde, aliyeongoza idara ya jiografia huko Nairobi. Kitabu chake juu ya ardhi na mwendo wa watu nchini Kenya kilitoka mwaka wa 1968, nacho kilichukua swali ambalo watawala walilitazama kwa jicho la polisi, yaani kwa nini watu wanahama na wanakwenda wapi, kikalijibu kwa takwimu za sensa na kwa hali za nchi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka wa 1963, Serikali ya Kenya huru ilikuwa imemkabidhi uenyekiti wa tume ya kutengeneza upya elimu ya nchi nzima.

Dar es Salaam chuo kilifunguliwa mwaka wa 1961 katika jumba la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Jiografia ilikuja pamoja na kitivo cha sanaa mwaka wa 1964, chuo kilipohamia Mlimani. Mkuu wa idara katika miaka hiyo alikuwa Len Berry, na ramani za nchi alizozikusanya pamoja na wenzake zilitoka mwaka wa 1971 katika kitabu kimoja. Mwaka wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, chuo kiliunda ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyofahamika kwa jina la BRALUP. Mwaka huo huo ilifanyika sensa iliyohesabu watu karibu 12,300,000, na ofisi hiyo ikashiriki katika kuichambua. Mwanafunzi aliyeingia Mlimani wakati ule alisoma, basi, mahali ambapo somo lake lilikuwa na kazi ya kufanya tangu asubuhi.

Mfano wa kazi hiyo ulio bora kuliko yote, kwa fikira zangu, umo katika milima ya Uluguru. Serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali, kazi ya sulubu ambayo wakulima waliona kuwa yaharibu udongo wao mwembamba. Na mwaka wa 1955 wakaikataa kwa ghasia, damu ikamwagika, mpango ukavunjika. Wataalamu walisema Waluguru ni wakaidi. Kisha tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita 100 na kidogo ilishuka Mgeta, katika milima hiyo hiyo, kwa muda usiotimia saa tatu, na milima ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Paul Temple wa Dar es Salaam na Anders Rapp wa Uppsala walikwenda kuyachunguza maporomoko yale, wakaona kwamba karibu yote yalitokea katika mashamba na malisho, na kwamba penye msitu ardhi ilishikwa na mizizi ya miti ikakaa. Utafiti huo, pamoja na mwingine juu ya mmomonyoko wa udongo sehemu za Morogoro na Dodoma, ulitolewa mwaka wa 1972, na hata leo unasomwa vyuoni duniani. Thamani yake kwangu ni hii: badala ya kumlaumu mkulima, walipima udongo, walihesabu matone, na walitembea kwa miguu kutoka kovu hadi kovu la mlima.

Daraja ya uzamili ilikuja nyuma ya hayo. Kwa miaka mingi aliyetaka shahada ya pili alilazimika kuvuka bahari, wengine kwenda Uingereza, wengine Marekani, na hasa katika Chuo Kikuu cha Clark mjini Worcester, ambacho skuli yake ya uzamili wa jiografia ilianza mwaka wa 1921, nako ndiko alikokwenda Len Berry baada ya kuondoka Dar es Salaam. Kisha katikati ya miaka ya sabini alifika Mlimani mgeni wa namna nyingine, Milton Santos, Mbrazili mweusi aliyezaliwa Bahia mwaka wa 1926. Serikali ya kijeshi iliyotwaa nchi yake mwaka wa 1964 ilimtia kifungoni, naye akaishi uhamishoni nchi nyingi. Na miongoni mwa kazi zake Dar es Salaam ilikuwamo ya kuandaa masomo ya uzamili wa jiografia. Alikuwa ameandika kwamba uchumi wa miji ya nchi maskini una mizunguko miwili, wa juu wa mabenki na viwanda, na wa chini wa wachuuzi na mafundi wadogo, na kwamba miwili hiyo yategemeana. Hili ni jambo ambalo mtu apitaye sokoni Kariakoo huliona kwa macho yake. Mwaka wa 1994 alipata nishani ya Vautrin Lud, iliyo tukufu kuliko zote katika elimu hii. Naona fahari kwamba uzamili wetu uliguswa na mkono wake, mkono wa mtu aliyejua dhuluma kwa kuionja.

Tangu siku hizo mambo yamekuwa mengi: picha za setilaiti zimekuja, kompyuta imechukua nafasi ya kalamu ya kuchorea ramani, na wanafunzi wamezidi idadi ambayo gari moja la idara lingeweza kuichukua. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza angali anaanza kwa kusoma ramani, miamba, hali ya hewa na makazi ya watu, kisha hupelekwa uwandani pamoja na wenzake. Na wa uzamili hutakiwa aende peke yake na swali lake, arudi na tasnifu. Hapa ndipo penye deni. Tasnifu hizo huandikwa kwa Kiingereza, hutahiniwa, hujaladiwa, na huwekwa maktabani, na mzee wa Mgeta au mama wa Kondoa aliyeacha jembe nusu siku akajibu maswali ya kijana hapati kujua kilichoandikwa juu ya shamba lake. Naziomba idara za jiografia za vyuo vyetu zimpe kila mtahiniwa wa uzamili sharti moja zaidi: kabla ya kuvikwa joho, aandike kurasa chache za Kiswahili fasaha zenye matokeo ya utafiti wake, azirudishe katika kijiji alichokichunguza, na azisome mbele ya mkutano wa watu waliomjibu.